Mstari Mwekundu Kwenye Kioo

"Vuta pumzi. Ipeleke kushoto, palipobonyea. Mama, usimsaidie. Yeye ndiye ausukume mkono wako."

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya godoro jembamba la mazoezi, kiganja chake kimelala juu ya mbavu za bintiye wa miaka kumi na minne. Kulia mbavu zilituna kwa nyuma. Kushoto palizama kana kwamba kuna mtu aliyekalia pale miaka mingi. Alisubiri. Mkono haukusogea. Kisha ukainuka, kidogo mno, na nywele za mkono zikamsimama.

"Umeuhisi?" aliuliza mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi ambaye watoto wote wa chumba kile walimwita Mwalimu. "Sasa hesabu. Akifika kumi, atoe."

Mama alihesabu. Alipofika sita, akapoteza hesabu. Aliwahi kuhesabu pumzi za mtoto mwingine, bintiye wa kwanza, katika hospitali hii hii, nazo hazikufika kumi.

Yule naye alikuwa na mgongo uliopinda. Jamani, nani alijua? Mama alidhani ni uvivu, ni maringo ya usichana. "Simama wima! Nani kakutwisha gunia?" Kila asubuhi alimkemea, kila asubuhi alimchapa kofi katikati ya mabega, miaka mitatu mizima. Mtoto akanyooka hatua mbili, akarudi kuinama. Mwisho kifua kikakosa pa kupanukia. Na siku ya kwanza alipomleta huyu mdogo, Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Hakuwa anajikunja, mama. Ni uti wenyewe uliokuwa unapinda."

Tangu siku hiyo marehemu alirudi nyumbani. Hakutokea gizani wala hakugonga mlango. Alikaa ndani ya pumzi za mdogo wake, mle mle kwenye ule mvutano wa mwisho unaokwama, na mama alimsikia mchana kweupe akichambua mboga.

"Kioo sasa," alisema Mwalimu.

Kioo kilifunika nusu ya ukuta. Katikati yake, kutoka juu mpaka chini, Mwalimu alikuwa amebandika utepe mwekundu. Binti alisimama mbele yake, akatafuta: pua kwenye mstari, kitovu kwenye mstari. Bega la kulia likashuka. Kiuno kikarudi. Ilimchukua dakika nzima na jasho la mtu anayebeba maji. Mwalimu akamwinamisha, akamwekea mgongoni kile kipimo chake kinachofanana na pimamaji ya fundi mwashi.

"Tulianza na digrii kumi na nane. Leo kumi na tano."

"Nikifika sifuri nitakuwa nguzo ya umeme," alisema binti, na wote watatu wakacheka.

"Wanasema samaki mkunje angali mbichi," Mwalimu alimwambia mama mlangoni. "Kumnyoosha nako ni vivyo hivyo. Huyu bado anarefuka. Akimaliza kurefuka kabla hatujamaliza kazi, tutabaki kutazamana tu. Msikose hata siku moja."

Hawakukosa. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyo, ukuta mmoja tu na chumba cha mazoezi. Kila Jumanne na Alhamisi alitoa saa yake ya chakula ili aende kushika mbavu. Siku nyingine alimsikia Mwalimu kupitia ukutani akiwahesabia watoto wa watu, naye akakunja mashuka kwa hesabu ile ile.

Alhamisi moja hesabu haikusikika. Mlangoni palibandikwa karatasi: huduma imesitishwa kwa muda. Chumba kinageuzwa sebule ya wagonjwa wa daraja la kwanza. Mwalimu alikuwa amehamishiwa dirisha la mapokezi, anagawa kadi. Alimwona mama kwenye foleni, akainamisha macho.

Mama akaenda kwa msimamizi wa chumba cha kufulia, yule wanayemwita Pasi kwa sababu ukimgusa unaungua.

"Kwa muda gani, bibie?"

"Kwa muda. Hujui kusoma?"

"Mtoto wangu anakua. Mgongo haungoji."

"Loh! Kila mtu hapa ana mgongo. Wangu unaniuma toka mwaka juzi, nani kanifungulia chumba?" Pasi alimsogezea ndoo na wembe. "Tena afadhali umekuja. Kile kioo kinabaki, Mkurugenzi amekipenda. Kina uchafu mwekundu katikati. Kaubandue kabla hajaja kukagua."

"Mwingine hawezi?"

"Mwingine anaweza. Hata kazi yako mwingine anaiweza."

Mama aliingia na ndoo. Magodoro yalikuwa yameondolewa, makochi yamepangwa, bado yako kwenye nailoni. Alianzia juu. Utepe ulikuwa mkaidi, ukitoka vipande vipande vya ukubwa wa ukucha. Alikuwa amefika usawa wa kifua aliposikia viatu vikivuliwa mlangoni, kwa mazoea. Binti, na sare yake ya shule. Ilikuwa Alhamisi.

"Mama, unautoa?"

"Nimetumwa, mwanangu."

Binti hakulia. Afadhali angelia. "Ngoja kidogo basi," alisema. "Nijipange mara moja."

Akasimama. Kichwa hakikuwa na mstari tena. Kitovu kilikuwa nao. Mama akaweka kiganja kwenye mbavu za kushoto na kuhesabu. Mkono ukainuka, vizuri kuliko siku zote. Moja, mbili, tatu. Kwenye sita wakasikia sauti za watu zikija ukumbini. Mama akaurukia wembe, akakwangua uliobaki kwa pupa, akajikata kidole, akafuta kioo kwa nguo yake mwenyewe.

Mkurugenzi aliingia na Pasi nyuma yake. Alitazama makochi, akatazama kioo, akaridhika. Akaweka tai yake sawa. Ndipo akamwona mtoto.

"Shikamoo," alisema binti.

"Marahaba. Huyu nani?"

"Ni wangu, mzee. Tunaondoka."

"Mbona anasimama hivyo? Mtoto wa shule unasalimia mkubwa umejipinda?"

Pasi alimkodolea mama macho. Na mama, Mungu amsamehe, alisikia mkono wake ukinyanyuka na kutua katikati ya mabega ya mtoto, pale pale, na mdomo wake ukisema kwa sauti ile ile ya asubuhi zile:

"Simama wima!"

Binti akainua macho kwenye kioo, akautafuta mstari.