Jina Nililolitaja Bofu

Vumbi la Bofu, mtaa wetu, huingia bila hodi. Lilikuwa juu ya cherehani yako, Fundi Garama, lilikuwa kwenye nyusi zako, na alasiri ile lilipanda mpaka madirishani watu walipokuvamia. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama nyuma ya pazia. Nililiona vumbi, sikukuona wewe, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba asiyeona hana neno.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Dada yako, Mwalimu Eddah, akaandika kitabu. Chembamba, kurasa tisini. Ameeleza ulivyosingiziwa wizi wa simu, ulivyopigwa, mkono wako wa kulia ulivyovunjwa usishike mkasi tena, ulivyohamia Kaloleni na mkeo na wanao. Na kila sura inaishia kwa swali lile lile: nani aliyelitaja jina la ndugu yangu kwanza?

Kitabu kinauliza. Mimi nanyamaza.

Na ni mimi niliyepewa kazi ya kukigeuza filamu. Mimi, Swabra binti Barke, mwandishi wa filamu, mkaazi wa Kiembeni. Ningeweza kukataa. Nilikubali kwa kuchelea kwamba mwandishi mwingine angelitafuta jibu.

Nikaandika. Nikamweka mlevi, akalitaja jina lako. Nikafuta. Nikamweka muuza duka, akalitaja kwa wivu. Nikafuta. Nikamweka mpita njia, apite, ataje, apotee. Na huyo nikampenda, maana mpita njia hana mama wa kumwaibisha.

Kitabu kinauliza. Mimi nafuta.

Taufiq, mtayarishaji wetu, akasoma miswada yote mitatu, hata niliyoifuta. "Swabra," akasema, "kila mtu humu anapumua, ila huyu anayetaja jina. Mbona hana uso?"

Wallahi jibu nilikuwa nalo. Kinywa ndicho sikuwa nacho.

Mswada wa nne nikauanzia kwingine. Mwanamke ameketi mezani Kiembeni, anageuza kitabu kuwa filamu, hawezi. Anaandika, anafuta. Kisha ana miaka kumi, anachezea simu ya mamake ukingoni mwa kisima, inamteleza, inazama. Mama anarudi, anatafuta, anauliza, "Nani alikuja hapa?" Na mtoto, kwa hofu ya bakora, anamtaja mtu aliyepita asubuhi kupima mapazia.

"Fundi Garama."

Maneno mawili. Mepesi kama uzi, na yakavunja mkono.

Nikampelekea Mwalimu Eddah nyumbani kwake, Bofu. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Akavaa miwani, akasoma. Nilikitazama kidole chake kikishuka na mistari, kikishuka, mpaka kikasimama.

"Huyu mtoto umemtunga?"

"La, Mwalimu. Ni mimi."

Akavua miwani. Hakulia. Hakunifukuza, na laiti angenifukuza. "Mimi nauliza kurasa tisini," akasema, "kumbe jibu linakaa Kiembeni. Sasa waniletea karatasi. Ndugu yangu hakuvunjwa na karatasi."

Akachukua simu yake, akapiga, akanikabidhi.

"Naam," ukasema. "Nani mwenzangu?"

Sauti yako ilikuwa pana, ya mtu anayekaribisha wageni. Nikasema. Bila mlevi, bila mpita njia. Nikasema mimi ni Swabra wa Bi Barke, wa pale Bofu. Nikasema simu haikuibwa na mtu. Niliiangusha kisimani mwenyewe, nikakutaja wewe, nikasimama dirishani nikanyamaza.

Nikangoja tusi. Nilikuwa nimeliandalia nafasi kifuani, nimelifagilia, nimelitandikia mkeka.

"Usikate," ukasema.

Nikakusikia ukiita nje, jina baada ya jina. Katana! Vivian! Mwiteni mama yenu, aache hayo mahindi! Nikasikia viti vikiburutwa, mtu akikohoa, nyumba nzima ikisogea. Kisha ukarudi, pumzi yako karibu na sikio langu, nayo haikuwa pana tena.

"Haya, mwanangu, rudia. Sema polepole, kwa sauti. Hawa wamekua wakiitwa watoto wa mwizi."

Nikarudia, neno kwa neno.