Maji Aliyonyweshwa Mukunga

Mukunga lilikuwa gari la zamani, mlango wake mmoja wa kijani na mingine myeupe, na ndilo lililowapeleka wajawazito wa mtaa maternité, hospitali ya uzazi. Vijana wa parokia, huko Manika, mjini Kolwezi, walilipata kwa jasho lao, wakaandika jina kwenye kioo cha nyuma, maana kazi yake ilikuwa kazi ya mkunga. Gael alipewa usukani kwa kuwa alikuwa na permis ya kuendesha na mdomo mtamu. Rafiki yake Josias, fundi mwenye kibanda cha mabati karibu na soko, alipewa injini.

Na injini ndiyo iliyomwaibisha.

Tangu mvua zianze, gari lilikuwa likichemka. Maji yalipungua ndani ya radiateur, tangi la kupozea injini, lakini chini hapakuonekana hata tone. Josias alibadilisha kifuniko, akabadilisha mipira ya maji, akahakikisha feni inazunguka. Kila alipomaliza, gari lilitulia siku chache, kisha mshale wa joto ukapanda tena. Halafu mchana mmoja likazimika barabarani, Mama Adèle akiwa ndani na uchungu umembana. Gael alisimama katikati ya lami, mikono wazi, mpaka lori lililokuwa likienda Fungurume likasimama na kugeuza ili liwapeleke. Mtoto alizaliwa mlangoni mwa maternité. Mama Adèle akampa jina la Gael.

Josias naye alipewa jina: fundi wa kuua gari. Hata wauza mkaa walimtania, kana kwamba injini ni jiko la ugali.

"Tata Josias! Mukunga iko moto leo? Tulete nyungu tupike bukari?"

Alicheka nao, kisha akarudi kibandani. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kitu kilichofanywa kwa moyo safi lazima kifike salama. Sasa Tata Stanislas, kiongozi wa kikundi, alikuwa ameita mkutano wa Jumapili baada ya misa ili waamue kama gari liuzwe kama vyuma vikuukuu. Josias alibakiwa na Jumamosi tu ya kuujua ugonjwa wa gari.

Gael alilileta mapema, akaketi juu ya tairi.

"Acha kujitesa, ndugu. Hii gari ni muzee. Muzee akitoka jasho, utamulaumu?"

"Muzee akitoka jasho, nguo yake inalowana," Josias alijibu. "Huyu analowana wapi?"

Gael alicheka, akamwachia ufunguo, akaenda zake.

Josias alianza na hofu yake kubwa, joint ya culasse, gasketi ya kichwa cha injini. Kama ingekuwa imekufa, maji yangeingia kwenye mafuta na kuyafanya meupe kama maziwa. Akachomoa kijiti cha kupimia: mafuta yalikuwa safi. Akawasha injini kifuniko kikiwa wazi: hakuna mapovu, wala moshi mweupe nyuma. Basi maji yalikuwa yakitoka nje, na kukaukia juu ya chuma cha moto kabla ya kufika chini.

Akangoja injini ipoe. Alikuwa na kifuniko kikuukuu alichokitoboa na kukipachika valvu ya tairi. Akakifunga juu ya radiateur, akaunganisha pampu ya baiskeli, akasukuma upepo, kisha akainama na kutega sikio kama daktari. Ssss. Si kwenye mipira. Sauti ilitoka kwenye pampu ya maji.

Aliifungua. Mwili wake wa aluminiamu ulikuwa umeliwa vishimo vishimo, kama mkate ulioingiliwa na mende. Lakini kilichomshtua ni panga la chuma linalozungusha maji. Lilikuwa jekundu. Akadhani ni kutu, akalifuta kwa kidole gumba. Likang'aa kama waya mpya.

Shaba.

Pampu ile haina shaba hata kidogo. Ila kila mtu aliyekulia Kolwezi anajua: ukiacha kisu ndani ya maji yaliyooshea mawe ya machimbo, utakikuta kimevaa shaba. Maji hayo ni makali. Yanakula chuma taratibu, na aluminiamu hata zaidi. Josias hakuwahi kumpa Mukunga ila maji ya mvua.

Akakumbuka bidoni, lile dumu la njano chini ya kiti cha nyuma. Gael aliiweka pale kwa ajili ya kuongezea maji njiani, na haikuwahi kukauka. Josias alikuwa amemsifu kwa hilo mbele ya watu. Akamimina kidogo ndani ya sahani nyeupe. Maji yalikuwa na rangi ya kijani hafifu. Akatumbukiza msumari, akaenda kunawa mikono bila haraka, maana hakutaka kurudi.

Aliporudi, msumari ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

Ndipo akatazama boliti za viti. Zilikuwa zimechubuka, zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Katika pembe za sakafu kulikuwa na vumbi jeusi, zito, la mawe.

Gael aliporudi, sahani ilikuwa bado juu ya meza. Aliiangalia, akaacha kutabasamu.

"Unabeba mawe ya bachimbaji mu Mukunga," Josias alisema.

"Si kila siku."

"Gari ya bamama, Gael!"

"Na essence ya kutia mu gari, ulizania inatoka wapi? Kwa Roho Mutakatifu?"

"Ulisema iko mutu mwema anatusaidia, hapendi tujue jina yake. Tulimuombea kila juma!"

"Basi muliniombea mimi. Kuna ubaya gani?"

Josias alimsogezea sahani. "Siku ya Mama Adèle, mbele ya kumubeba, ulitoka wapi?"

Gael alitazama tairi.

"Ulitoka kule kwa bachimbaji. Moteur ilikuwa tayari inachemka, ukaijaza hii maji ya kwao. Kisha ukanyamaza, bantu banaita mimi muuaji wa gari."

"Mi nilizania maji ni maji, ndugu. Kweli."

"Kesho utasema mwenyewe. Mi sitasema kwa pahali pako."

"Nitasema. Kwa jina ya mama yangu."

Josias alimwamini. Usiku ule alilala vizuri kuliko siku zote za mvua.

Jumapili, baada ya misa, wanakikundi walikaa kwenye mabenchi ya ukumbi wa parokia. Gael akasimama, shati lake limepigwa pasi.

"Josias amepata ubovu," alisema. "Ni pampu ya maji. Ilikuwa imezeeka. Tungeibadilisha mbele, hatungepata ile aibu ya barabarani. Lakini tumusamehe ndugu yetu. Kila mutu anakosaka."

Akamtabasamia, kama mtu aliyetoa zawadi. Watu wakaguna kwa huruma. Mmoja akampigapiga Josias begani, na mkono ule ulimuuma kuliko matusi yote ya sokoni.

Mama Adèle alikuwa ameketi kando yake, mtoto kifuani. Kabla hajaolewa aliosha mawe mtoni miaka mingi. Josias alitoa msumari mfukoni, akauweka kiganjani mwa mama huyo.

Aliugeuza mara moja tu. "Hii ililala mu maji ya mawe. Ulitoa wapi?"

"Mu bidoni ya Mukunga, mama. Hii maji njo ilikula pampu."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini ukumbi wote ulisikia. Mama Adèle hakuuliza nani alikuwa dereva. Wote wakamgeukia Gael, na Gael akageukia mlango. Kisha akaweka ufunguo mezani mbele ya Tata Stanislas na kutoka, bila kumtazama Josias.

Mzee Stanislas alivuta pumzi. "Ukitia pampu mupya, itatembea?"

"Itatembea, tata. Nitaiosha yote ndani. Musiiuzishe."

"Haitauzishwa."

Josias alikuwa amelitaka neno hilo kwa moyo wote, na sasa halikumfurahisha. Mama Adèle alimhamisha mtoto kutoka kifuani hadi begani.

"Josias, huyu Gael mudogo nitamuita nani sasa?"

Mkono wa mtoto uligusa msumari uliokuwa uking'aa kiganjani mwa mama. Josias akauchukua taratibu, akaurudisha mfukoni.