Kiti cha Chuma cha Gustave

Mwaka 2017 Gustave, fundi magari wa mtaa wa La Rochelle, alikata shauri kuingiza Kadilaki yake ya mwaka 1962 kwenye mbio za saa sita za magari makongwe. Gari lilikuwa refu kama jeneza la tembo. Akalivua fahari yake yote: mazulia, mapazia, hata kikabati cha vinywaji. Kila kilo, alisema, ni adui. Ila spika zake mbili kubwa za rumba, kule kwenye buti, hazikuguswa. Mshindi haingii kimya.

Kikabaki kiti cha mbele. Shufaa, binti wa Tanga aliyekuwa akishona viti hapo gereji, alikuwa amekihangaikia miezi mitatu: mahameli nyekundu, vifungo ishirini na vinne, vyote kwa mkono. Gustave akamwamuru akitupe, afunge cha chuma, akifunike kwa kitambaa cheusi.

“Mwanaume hashindani juu ya godoro,” alisema.

Shufaa si msemaji. Aliitikia tu, akangoja fundi aende kula, kisha akaazima mizani ya viazi kwenye spaza, kiduka cha jirani. Kiti kilo arobaini. Spika arobaini na mbili. Akacheka peke yake, pini mdomoni.

Siku ya mbio gari lilipimwa, likaonekana jepesi hata kuliko hesabu ya Gustave. Akatamba. Saa tatu za kwanza aliendesha mdogo wake, Hénock, akashuka akitabasamu. Saa tatu za mwisho akashika Gustave mwenyewe.

Walimaliza wa tisa kati ya kumi na moja. Lakini madereva wengine walishuka wakitembea kama kaa, mikono viunoni. Gustave alishuka wima kama bwana harusi. Akawakusanya, akawaeleza kwamba wao wamelelewa kwenye sofa, yeye mgongo wake umezoea chuma. Kisha akanyoosha mkono ndani kuwasha rumba.

Kimya.

“Shufaa, muziki yangu iko wapi?”

Shufaa alisogea taratibu, akakata uzi mmoja kwa meno, akavuta kitambaa cheusi. Mahameli nyekundu ikang’aa juani, vifungo vyote ishirini na vinne mahali pake.

“Upo nyumbani, kaka,” alisema, macho chini. “Wewe ulisema kila kilo ni adui.”

Wale kaa wakaanza kucheka, mikono ingali viunoni.