Ukaguzi wa Wazi pale Makiso

Walinichagua mimi kuwa shahidi kwa sababu sinywi pombe. Hiyo ndiyo hekima yote waliyokuwa nayo. Naitwa Hamadi, fundi cherehani, baba yangu alitoka Kasongo kule Maniema, na kibanda changu hapa Makiso kinatazamana na nganda ya Mama Clothilde. Nganda ni baa ya mtaani: viti vya plastiki, friji moja, samaki wa kuchoma jioni. Wakubwa walisema Mwislamu hanunuliki kwa chupa. Hawakufikiri kwamba Mwislamu ana macho.

Habari ilianza na baa ya Ruffin, iliyo jirani na lango la shule. Leseni hana, na sheria inakataza kuuza pombe kabla ya jioni, lakini yeye hufungua pamoja na jua, na wanafunzi huingia humo na sare zao. Wakaguzi walikuwa wakija, wanaingia ndani na Ruffin, kisha wanatoka wakipangusa midomo. Walichoelewana huko ndani hakuna aliyejua. Wazazi wakachoka, wakaenda kupiga kelele kwa wakubwa: safari hii tunataka kuona. Ndipo ikaundwa tume, mkuu wake Valère, bwana mmoja mwenye tumbo linalotangulia kuingia mlangoni. Akaahidi ukaguzi wa wazi. Kila kosa litatangazwa papo hapo kwa kipaza sauti, shahidi wa mtaa atathibitisha, na mlango wa mkosaji utafungwa kwa utepe na mhuri mbele ya watu.

Mama Clothilde alifurahi kuliko wote. Ni mjane, nganda aliachiwa na mumewe, na ndiyo inayomlisha yeye na kumsomesha binti yake chuo kikuu. Leseni yake aliitundika ukutani ndani ya fremu, pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Asubuhi hakufungua hata siku moja, hata wateja walipomkimbia kwenda kwa Ruffin. Aliniambia sasa haki itaonekana. Nami nikaamini, mjinga mwenzake.

Siku ilipofika, tume ilihitaji mahali pa kukaa. Ikakaa kwa Ruffin. Nilipoitwa niliwakuta wanaume wanne wenye tai, meza moja, na chupa ambazo tayari zilikuwa nusu. Nikauliza baa hii itakaguliwa saa ngapi. Valère alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza Mungu analala wapi.

“Papa Hamadi, hapa iko bureau ya commission. Bureau, mutu hawezi kuikagua.”

Yaani ofisi ya tume. Wenzake wakatikisa vichwa kwa uzito, kana kwamba wamesikia maneno ya kitabu. Kisha wakainuka, watu wakawafuata, tukavuka barabara kwenda kwa Mama Clothilde.

Mlango wake ulikuwa umefungwa, kama sheria inavyotaka. Valère akabisha, mama akafungua. Sasa, kwetu hapa mkubwa akiingia kwako haulizwi shida yake koo likiwa kavu. Unamkalisha, unampa kitu, ndipo maneno. Ukianza na maswali umemtukana, na nani atamtukana mtu mwenye mhuri mkononi? Mama akafuta viti, akaleta bia baridi. Hakuuza, alikirimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikunywa bila haraka mpaka chini, mmoja akauliza kama hakuna samaki.

Halafu Valère akapangusa povu, akachukua kipaza sauti, akasimama mlangoni na kuutangazia mtaa kwamba tume imekuta pombe mezani, asubuhi, kinyume cha sheria.

Mama Clothilde alielekeza kidole kwenye leseni yake ukutani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amewapokea wageni tu. Valère akajibu kwamba sheria haijui mapokezi, kisha akanigeukia.

“Papa Hamadi, sema mbele ya watu. Chupa iko ku meza ao haiko?”

Niliwadharau wakati ule kiasi kwamba ulimi ulikuwa mchungu. Nikakichukua kipaza sauti.

“Chupa iko. Mwenye alikunywa iko huyu mwenye kuniuliza. Na alianzia kwa Ruffin.”

Watu walicheka. Valère hakuona haya. Haya ni mzigo wa maskini. Alinishukuru kwa kuthibitisha chupa, akaagiza utepe uletwe. Nyani haoni kundule, na huyu hata ungemletea kioo angekikagua kama kina leseni.

Ndipo Mama Clothilde akakitwaa kipaza sauti mkononi mwangu. Hakupayuka, alimwelekea mkuu wa tume.

“Chef, kwa Ruffin mulikaa, mukakunywa, mukasema iko bureau. Hapa pia mumekaa, mumekunywa. Donc basi hapa pia iko bureau. Na bureau, mutu hawezi kuifunga.”

Mtaa mzima ukalipuka. Valère akikataa, baa ya Ruffin nayo si ofisi tena, itabidi ikaguliwe. Nilimwona akipima, kisha akatabasamu, akasema mama ana haki, na utepe ukarudi mfukoni. Wanawake wakamwimbia Clothilde hadi sokoni. Nami nilipiga makofi hata viganja vikawaka.

Kesho yake, mama hajamaliza kufagia, tume ikafika na mafaili yake. Bureau lazima ifunguliwe asubuhi. Wakakaa, wakaomba bia baridi. Kulipa hawakulipa, maana nani hulipa ofisini kwake? Siku iliyofuata wakaja na wenzao wa idara nyingine. Wateja wa jioni, watu wa kulipa, walikuta friji tupu na samaki amekwisha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mgeni mwenye mhuri utampa jembe gani? Nilimwambia mama awafukuze. Akaniuliza awafukuze kwa neno lipi, wakati yeye mwenyewe ndiye aliyeutangazia mtaa kwamba pale ni ofisi yao. Binti yake alikuwa tayari amerudishwa nyumbani kutoka chuo kwa kukosa karo.

Mwishowe Mama Clothilde aliuza friji, akaifunga leseni ndani ya kitenge, akavuta mlango, akapanda mtumbwi na binti yake kwenda Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa dada yake, kulima mihogo. Hakuniaga. Pengine hata mimi alinihesabu upande wa tume.

Asubuhi ile ya kuondoka kwake wanne wale walibisha mpaka wakachoka. Valère alikuwa bado na utepe wake, akaona afadhali usipotee bure. Akaufunga mlangoni kwa uangalifu, akapiga mhuri, akatangaza. Kisha wakavuka barabara kwenda kwa Ruffin.

Jioni redio ikasema ukaguzi wa wazi umezaa matunda: nganda moja imefungwa mchana kweupe, na mwenyewe hakulalamika. Ilikuwa kweli. Ndani hamkuwa na mtu wa kulalamika.