Viti Vinavyoitikia Amina

Bwana Ofosuhene alifuta ubao kwa kiganja, akaomba mtu afungue kipindi kwa sala. Maame Serwaa akaomba. Darasa zima la jioni la chuo cha ualimu, pale Kumasi, Ghana, likaitikia amina, na mwalimu akaanza kusoma karatasi zake za manjano. Somo lilikuwa namna ya kumshirikisha mwanafunzi darasani.

Alipofika ukurasa wa pili, wanafunzi wa nyuma walianza kupauka. Kwanza vidole, halafu mashati, mpaka tangazo la ukutani likasomeka kupitia kifua cha Kwabena. Hakuna aliyeshtuka, ilikuwa hivyo tangu muhula uanze. Bwana Ofosuhene alishuku njama tu. Kila aya alisimama, akawachungulia juu ya miwani.

"Nani anawafundisha mchezo huu?"

"Hakuna, Mwalimu," sauti ya Kwabena ilijibu. "Tunasikiliza. Kidogo kidogo."

Maame Serwaa alikaa mbele kabisa. Alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi bila cheti, na sasa mwalimu mkuu wake alikuwa amemwambia: usipokileta, darasa lako nampa mwingine. Jioni ile aliona mbao za dawati kupitia mikono yake. Akamwomba Mungu kimyakimya amwachie angalau mkono wa kuandikia. Kisha akaunyoosha.

"Samahani, Mwalimu. Nina mtoto darasani kwangu, Yaa, hasemi kitu. Wewe ungemfanyaje?"

Mikono yake ikarudi. Kule nyuma Kwabena naye akarudi, na shati lake.

"Hata mimi nilikuwa hivyo, Maame! Nilimwogopa mwalimu kuliko mbwa."

"Bado unamwogopa," mwingine akamtania.

Wakacheka, wakabishana, chumba kikajaa watu na joto.

Bwana Ofosuhene alifunika karatasi zake kwa mkono.

"Nani amekutuma, Maame?"

"Hakuna, Mwalimu. Nauliza tu."

"Ofisi? Au hawa? Mnataka nionekane sijui kazi. Maswali ni mwisho wa kipindi."

Akarudi kwenye karatasi zake, na kengele ililia akiwa katikati ya sentensi kuhusu faida za maswali. Viti vyote vilikuwa vitupu. Kwenye dawati la mbele kalamu ilikuwa bado inaandika, imeshikwa na mkono mmoja.

"Sala ya kufunga," akasema.

Mkono ukaweka kalamu chini. Sauti ya Maame Serwaa ikaomba taratibu, ikamtaja na mwalimu wao. Viti vikaitikia amina. Bwana Ofosuhene, ambaye hakufumba macho, aliandika kwamba wote wamehudhuria, akazima taa, ingawa mkono ulikuwa bado unakusanya vitabu.