Dakika Kumi Bila Karatasi

Kwa mara ya arubaini na moja fundi cherehani alifukuzwa kazi, na mguu wake haukuondoka kwenye cherehani. Alisoma maneno yake kwenye karatasi aliyobandikiwa ukutani kwa pini, maneno ya Kikorea yaliyoandikwa kwa herufi anazozijua yeye, kisha akanyamaza kumpisha mkewe. Mkewe, aliyesimama mlangoni na kitambulisho cha kazini bado kikining'inia shingoni, akamfariji kwa Kikorea safi, sentensi tano mfululizo, na kwenye ile ya mwisho akainamisha kichwa kidogo kama alivyopanga.

"Kwa pole tamu namna hii, mama watoto," mumewe alisema, "iko siku nitafunga duka kwelikweli ili nizipate."

Mama watoto hakucheka. Alimwambia arudie tangu salamu, kwa kuwa alikuwa amemeza neno moja kwenye sentensi ya pili, na mtihani ulikuwa kesho. Fundi wa watu akarudia. Miaka ishirini ya ndoa ilimfunza kwamba kubishana na mwanamke mwenye mtihani ni kujitafutia njaa.

Mama watoto huyo ndugu zake walimwita Kaseti tangu akiwa darasa la tatu. Tangazo la redioni akilisikia mara mbili, basi, limeingia. Ukimgusa bega tu atalitoa lote, na muziki wake juu. Sasa alikuwa na miaka arubaini na mitatu na watoto wawili wanaomzidi kimo, na jina lilikuwa halijabanduka. Wala yeye hakulichukia. Kukariri ndiko kulikomvusha shuleni, ndiko kulikompa kazi ya karani wa mapokezi hospitalini, ambako alijua kwa moyo namba za vyumba vyote na za simu za madaktari wote. Na alipojiunga na masomo ya Kikorea ya kila Jumamosi chuo kikuu, madarasa ya chini aliyapita kama anayepanda ngazi za kwao.

Darasa la juu la mazungumzo ndilo lililomkaba kooni. Alianguka mara ya kwanza, akaanguka na ya pili. Mara zote mbili mwalimu hakuona kosa hata moja la lugha. Chini ya karatasi aliandika tu kwamba mwanafunzi amesema vizuri, lakini hakuzungumza na mtu. Kaseti alirudi nyumbani na donge lake. Kama hakuzungumza na mtu, yule aliyeketi mbele yake alikuwa kabati?

Safari hii ilikuwa ya mwisho, maana anayeanguka mara tatu hurudishwa kuanza upya chini. Hospitali yao ilikuwa ikipokea familia za wahandisi wa Kikorea waliokuja kujenga bwawa la umeme, na muuguzi mkuu alishasema kiti cha mkalimani ni cha Kaseti akileta cheti cha darasa lile. Alikitaka kiti hicho kwa sababu ambayo hakumwambia mtu ila mumewe. Mwezi wa pili mama mmoja wa Kikorea alifika dirishani kwake na mtoto mwenye homa kali. Kaseti akamtolea salamu zote na makaribisho yote, barabara kabisa. Yule mama kusikia lugha yake alishusha pumzi, machozi yakamtoka, akamwaga maneno kama ndoo iliyopinduka. Na Kaseti hakuwa na la kumjibu ila kumkaribisha tena. Aibu ile ilimlaza macho wazi siku tatu.

Basi, mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Wanafunzi hupangwa wawili wawili, hupewa jambo la kuzungumzia wiki mbili kabla, na siku ikifika huongea dakika kumi mbele ya wenzao bila karatasi. Mwalimu, mwanamke wa Kikorea mfupi mwenye miwani minene, huweka mezani saa ndogo ya jikoni, ikilia, wamemaliza. Kaseti alipangiwa fundi wa lifti, kijana wa miaka thelathini aliyejifunza Kikorea kwa kuwa lifti anazozitengeneza zinatoka huko, na wakubwa zake pia. Jambo lao lilikuwa rafiki aliyepoteza kazi. Kaseti aliyaandika mazungumzo yote, yake na ya mwenzake, akampa kijana sehemu yake imepigwa chapa. Kijana alipouliza kama hawawezi kuongea tu, alijibiwa kwamba anayetaka kuongea tu aende kwa kinyozi.

Jumamosi hiyo fundi wa lifti alichelewa. Aliingia zimebaki dakika mbili, shati kalivaa ndani nje, macho mekundu, akitabasamu peke yake. Kaseti alimkata jicho, akamwonyesha kiti. Mwalimu akaizungusha saa yake, na Kaseti akaanza kama ilivyoandikwa: mwenzangu, mbona leo unaonekana umechoka?

Fundi alifungua kinywa, na sehemu yake yote iliyopigwa chapa ikayeyuka. Akasema, kwa Kikorea cha kuungaunga, kwamba hajalala, kwamba alfajiri ya leo mkewe amejifungua mtoto wa kike, kwamba amembeba kwa mikono hii hii.

Sasa, mtu atauliza, Kaseti hakusikia? Masikio alikuwa nayo. Lakini alikuwa akiutazama mdomo wa fundi kama mtu angojaye foleni isogee, na ulipofumba, alijua zamu yake imefika.

"Pole sana," alisema, kwa Kikorea kisicho na doa. "Najua uchungu ulio nao. Mambo haya humpata kila mtu, hata mimi yalishanipata. Usikate tamaa. Mwakani utapata kitu bora zaidi."

Akainamisha kichwa.

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma alianguka na kiti chake. Hata fundi mwenyewe alicheka hadi akafuta macho kwa kola, na ni hapo Kaseti alipoyasikia, kwa kuchelewa, yale aliyoambiwa. Mtoto wa kike. Alfajiri ya leo. Laiti sakafu ingefunguka, angeshuka bila kuaga.

Mwalimu peke yake hakucheka. Aliitazama saa, zilibaki dakika nane na ushei.

"Endelea," alisema.

Aendelee na nini? Kaseti aliitafuta sentensi iliyofuata kichwani, akaikuta. Ilihusu barua za kuomba kazi. Akaitafuta nyingine, ilihusu mwenye nyumba anayedai kodi. Alikiona kiti cha mkalimani kikienda zake, akamwona muuguzi mkuu akimpa pole, akajionea huruma. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na aliyekwisha kulowa haogopi tena mvua. Alimtazama fundi usoni, mara ya kwanza tangu waketi. Akaliona lile shati. Akaona kuwa lile tabasamu linatetemeka pembeni. Nyuso za namna hiyo alikuwa akizipokea dirishani miaka kumi na saba, na hakuna siku aliyokosa la kuziuliza.

"Mama yake mzima?" aliuliza.

Ilitoka ikichechemea, lakini ilifika. Fundi alisema mzima, ila alipoteza damu nyingi, kwa hiyo amebaki hospitalini. Kaseti akamuuliza kama aliogopa. Aliogopa sana, fundi akasema. Alisimama kwenye korido saa mbili nzima akihesabu vigae, kwa kuwa kitu chochote kinachokwama yeye hukitengeneza, isipokuwa hicho. Neno la vigae hakulijua, akagonga sakafu kwa kisigino, na Kaseti akaelewa.

Yeye naye akamsimulia jinsi siku ya kuzaliwa kifunguamimba wao mumewe alivyokaa kwenye cherehani ili mikono isitetemeke, na hadi jioni akawa ameshona shati moja lenye mikono mitatu. Aliisimulia kwa makosa mengi. Mwanzoni aliyahesabu, kisha akasahau kuyahesabu. Pale neno lilipomkimbia aliunyoosha mkono mmoja, akaunyoosha wa pili, akautafuta wa tatu ubavuni, na darasa likacheka tena. Safari hii alijua wanacheka nini, akacheka nao. Furaha ilimpanda taratibu, furaha ya kawaida kabisa, ile inayompata akiwa na dada zake jikoni, na alishangaa kuikuta huku, ndani ya lugha hii.

Fundi aliinamisha uso, akaipunguza sauti. Kuna jambo, alisema, hajamwambia mtu yeyote tangu alfajiri, hata mama yake mzazi hajamwambia. Walipompa mtoto mkononi...

Saa ya jikoni ikalia.

"Muda umekwisha," mwalimu alisema, na kalamu yake ikashuka kwenye karatasi ya alama.

Kaseti hakugeuka. Aliinua kiganja, hivyo hivyo anavyomzuia mtu anayeruka foleni dirishani kwake.

"Ngoja kidogo, Mwalimu," alisema kwa Kikorea. "Hajamaliza."

Hakuna aliyewahi kumkatiza mwanamke yule. Fundi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, hakujua amtii nani. Mwalimu aliizima saa kwa kidole. Aliandika kitu kifupi kwenye karatasi, neno moja au mawili, ambacho Kaseti hakuhangaika kukiangalia. Kisha akaiweka kalamu chini, akavuta kiti chake karibu nao, akaketi.

"Walipompa mkononi?" Kaseti akauliza.