Bolti ya Kukufikisha Nyumbani

Bolti ilitoka bila ubishi. Fundi alikuwa amejiandaa kupambana nayo, amekwisha kuitia mafuta na kuchagua spana ndefu, kumbe vidole viwili tu vilitosha. Mkono wa breki ya mbele ya pikipiki ukamwangukia kiganjani. Tundu lake la kuzungukia, lililopaswa kuwa duara kamili, lilikuwa limelika na kurefuka kama tundu la kifungo.

Aliigeuza bolti kwenye mwanga wa mlangoni. Ilikuwa na nyuzi mwili mzima. Bolti ya mahali pale huwa na shingo laini, ili mkono wa breki uzunguke juu yake bila kukwaruzwa. Yenye nyuzi hugeuka tupa, ikala chuma kidogokidogo kila breki inapokamatwa. Hilo alilijua tangu akiwa mwanagenzi. Na bolti hii aliijua pia, maana aliifunga yeye mwenyewe.

Karakana nzima ilimwita Nusu Mili, kwa kuwa hakukubali kazi iliyopishana hata nusu milimita. Walimtania kwamba hata chai huipima kwa rula kabla ya kuinywa, naye utani huo alikuwa akiupokea kama sifa. Miezi minne nyuma shemeji yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyemwoa mdogo wake wa kike, alimjia akiwa ameangusha bolti ya breki njiani. Fundi akatumbukiza mkono kwenye kopo la bolti mchanganyiko, akatoa iliyoingia.

"Hii ni ya kukufikisha nyumbani tu," alisema. "Kesho upite nikuwekee yenyewe."

Mwalimu alipita. Alipita mara mbili. Mara zote fundi alikuwa na kazi za watu hadi shingoni, akauliza bila kuinua kichwa, "Inashika?" Akajibiwa inashika. "Basi bado ipoipo."

Juzi, kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, haikushika. Lori lilisimama ghafla mbele ya mwalimu na mkewe. Mkono wa breki ukaenda wote mpaka kwenye raba ya mshikio, breki ya nyuma ikaburuza tairi tu. Mwalimu alitoka na michubuko. Mkewe, aliyekaa nyuma, alibanwa mguu wa kulia kati ya pikipiki na bampa la lori. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Leo saa tisa madaktari wangemwingiza chumba cha upasuaji, waamue kama mguu ule utabaki.

Tangu siku hiyo mwalimu alikuwa na neno moja kwa kila aliyemuuliza: "Nilizubaa." Mkewe naye alikuwa amegoma kumwona. Asubuhi mwalimu alipiga simu, sauti imemkauka.

"Shemeji, nitengenezee hiyo pikipiki niwe naenda hospitali na kurudi. Na ukiona humo kosa langu lolote, usinifiche. Nimewaza mpaka nimechoka. Nataka nijue nilifanya nini."

Fundi alitazama nyuma ya karakana. Choo cha shimo kilikuwa hatua ishirini tu. Bolti ingetumbukia bila hata mlio, na nani angeuliza? Alienda. Alisimama juu ya shimo lile mpaka inzi wakamzoea, ngumi imefumbwa. Alimwona mdogo wake, si yule wa wodini bali yule wa zamani, aliyekuwa akimfuata nyuma akilia amsubiri. Akarudi na bolti yake mkononi.

Akaanza kazi, kwa kuwa mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Aliufunga mkono wa breki kwenye jiliwa, akalitanua tundu kwa keekee mpaka likawa duara tena. Kisha akachonga bushi, kipete cha shaba cha kuvaa ndani ya tundu hilo. Ya kwanza aliiharibu. Ya pili ilimponyoka ikajikunja.

"Nusu Mili!" Mchomeleaji wa jirani aliinua miwani yake myeusi. "Bushi moja mpaka adhuhuri? Kwani hiyo pikipiki inaolewa?"

Fundi aliokota kipande kingine cha shaba. Jirani alimtazama vizuri, akashusha miwani, akarudi kwenye cheche zake.

Bushi ya tatu iliingia kwa kubana, kama inavyotakiwa. Akaipiga msasa ndani, akapaka grisi, akapitisha bolti yenye shingo laini, akakaza nati na kurekebisha waya. Mkono wa breki ukaenda na kurudi kimya, haukucheza hata unywele. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na ilikuwa imechelewa miezi minne.

Saa nane aliipanda mwenyewe kuelekea hospitali. Kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali vigae vya taa vilikuwa bado vinang'aa pembeni ya lami. Alikamata breki ya mbele kwa vidole viwili, na pikipiki ikasimama papo hapo, kama mtu aliyeitwa jina. Vidole viwili! Alibaki ameikalia katikati ya barabara, magari yakimpigia honi na kumkwepa, naye analia kwa sauti, mdomo wazi, wala hajali nani anamwona.

Mwalimu alikuwa kwenye benchi la korido, nje ya wodi. Fundi aliketi karibu yake, akafumbua kiganja.

"Hukuzubaa, shemeji. Ni hii. Niliifunga mimi."

Mwalimu aliichukua bolti, akaigeuza. Alipozungumza, sauti ilitoka ndogo.

"Kwa hiyo nilikamata kwa wakati."

"Ulikamata kwa wakati."

Mwalimu aliziba uso kwa mikono miwili, mabega yakamtikisika. Kisha akamshika fundi mkono kwa nguvu.

"Usimwambie mdogo wako. Sikiliza. Mimi ameshanichukia, nimeshazoea siku mbili hizi. Wewe ndiye anayekushika wakati wa kufungwa vidonda. Akikukosa na wewe leo, saa hii, ataingia chumba cha upasuaji na nani?"

Maneno yale yalikuwa mazuri, na yalikuwa yanamfaa, na kwa sababu hiyohiyo aliyaogopa. Alinyanyuka, akasukuma mlango.

Mdogo wake alikuwa amelala chali, macho darini. "Kaka, umechelewa," alisema, akamnyooshea mkono.

Fundi hakuupokea. Alisimama mwisho wa kitanda, akasema yote: kopo, bolti, ile kesho, zile mara mbili. Hakupunguza hata nusu mili. Alipomaliza, ule mkono ulikuwa umesharudi chini ya shuka.

Muuguzi aliingia na kitanda cha magurudumu. "Wakati umefika, mama. Nani anakusindikiza?"

Mgonjwa alimtazama kaka yake, kwa macho ambayo yeye hakuweza kuyasoma.

"Mwite mume wangu," alisema.

Alitoka, akamwita. Mwalimu alipita mbio, nusura aanguke kizingitini, na mlango ukajirudi wenyewe. Fundi aliketi kwenye benchi, mahali ambapo mbao zilikuwa bado na joto la mwenzake, akasikia ndani sauti mbili zikisema kwa chini, zikakatishana, zikanyamaza, na magurudumu yakaanza kusogea.